Budha Hakuiua Miungu, Aliipunguza Kazini

Ugomvi umeletwa na hadithi fupi. Mwenzetu mmoja hapa Mnyambe ameandika juu ya mtawa wa Kibudha anayefika Newala, anasimama ukingoni pale Shimo la Mungu, anatazama bonde la Ruvuma kule chini, kisha anawacheka wenyeji: Mungu gani, hili ni shimo tu. Hadithi imeandikwa vizuri, sikatai. Lakini ilipozungushwa kikundini watu waligawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza likapiga makofi, eti hatimaye imepatikana dini isiyo na Mungu, dini ya wasomi. Fungu la pili likang'aka: Mbudha gani huyo, Wabudha si ndio wanaosujudia lile sanamu lenye kitambi? La tatu, la wale wasiopenda kelele, likasema acheni bwana, dini zote ni moja, Mungu ni yule yule, yanayobadilika ni majina.

Mimi nasema mafungu yote matatu yamechemsha. Tena yamechemsha kwa sababu moja: hakuna hata mtu mmoja aliyejisumbua kuuliza Budha mwenyewe alisema nini juu ya miungu. Na sisi ndio tunaotaka kuitwa waandishi!

Tuanze na kitambi tukimalize haraka. Yule bwana mnene anayecheka, ambaye sanamu zake mnaziona madukani mjini, si Budha. Ni Budai, mtawa wa Kichina anayesimuliwa kuwa aliishi yapata karne ya 10, na baadaye watu wakamwona kuwa ni sura ya Budha ajaye. Budha wa historia ni Siddhartha Gautama, mtu wa huko ambako leo ni Nepal na India, aliyeishi karne kama tano hivi kabla ya Kristo. Huyu aliacha nyumba ya baba yake, akafunga kula mpaka mbavu zikahesabika, kisha akaona hilo nalo halimsaidii akaliacha. Kitambi angekitoa wapi? Tuendelee.

Chanzo cha vurugu yote hii ni neno. Tukisema "Mungu" kwa herufi kubwa tunaelewana: Muumba, Mwenyezi, hana mwenzake. Tukitaka wingi tunabandika mi- mbele, tunapata "miungu", na papo hapo msikilizaji anaona ndama wa dhahabu na Waisraeli wakicheza ngoma. Yaani katika Kiswahili cha kila siku mtu amewekewa milango miwili tu: ama ana Mungu, ama ana vinyago. Ukimwambia kwamba Budha aliizungumzia miungu, anakupeleka mlango wa vinyago. Ukimwambia kwamba Budha hakumkubali Muumba, anakupeleka nje kabisa, kwa wakana Mungu. Sasa mtu aliyesema yote mawili kwa mpigo utampeleka wapi?

Maandiko ya Kipali, yanayofuatwa na Wabudha wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar, yana neno "deva". Deva ni kiumbe asiyeonekana na sisi kwa kawaida, mwenye nguvu, anayeishi kwa raha miaka isiyohesabika. Lakini alizaliwa mahali pale kwa sababu ya mema aliyoyatenda katika maisha yaliyopita, na mema hayo yakimalizika naye anakufa, kama mfanyakazi aliyemaliza mkataba, anakwenda kuzaliwa kwingine, pengine pabaya kuliko hapa. Hakuumba kitu. Haokoi mtu. Je, kwa Kiswahili utamwitaje? Malaika? Malaika hutumwa, na deva hatumwi na yeyote. Mahoka? Mahoka wetu ni wazee wa ukoo, wana majina, wanajua mpaka wa shamba lako na wanajua nani aliusogeza. Deva hana habari na mpaka wako. Neno lililo jirani zaidi, na najua hapa kuna watakaonuna, ni jini. Simsemei jini wa kupanda kichwani akadai marashi. Nasema wale wa Sura ya 72, ambayo kila aliyepita chuoni hapa Newala anaijua: kundi la majini walisikia Kurani ikisomwa, wakaamini. Basi Mwislamu wa huku tayari ana mahali kichwani mwake pa kumweka kiumbe asiyeonekana, anayetuzidi uwezo, ambaye si Muumba, anayekufa, na anayeweza kutulia akafundishwa. Sisemi deva ni jini. Nasema kile chumba kipo, ila tumekifungia ufunguo ndani.

Sasa sikilizeni namna maandiko hayo yanavyoichukulia miungu. Katika Digha Nikaya, mkusanyiko wa mahubiri marefu, mna kisa cha mtawa aliyetaka kujua ardhi, maji, moto na upepo vinakomea wapi pasibaki hata chembe. Kwa nguvu za tafakuri akapanda mbinguni na kuanza kuuliza ngazi kwa ngazi, kama mtu anayefuatilia faili lake ofisi za wilaya. Miungu ya chini ikamwambia hatujui, nenda kwa wakubwa zetu. Wakubwa wakamwambia hatujui, panda tena. Hivyo hivyo mpaka akafika kwa Brahma Mkuu. Kauliza swali lake. Brahma, mbele ya baraza zima, akaanza kujitajia vyeo: yeye ni mkuu, hashindiki, ndiye muumba, ndiye baba wa wote. Mtawa akamjibu kwa adabu kwamba hakuuliza vyeo, aliuliza jambo fulani. Brahma akarudia vyeo. Mara ya tatu ndipo akamshika mkono, akamvuta pembeni, akamwambia kwa siri kuwa miungu ile inaamini hakuna asilolijua, ndiyo maana hakutaka kumjibu mbele yao. Ukweli ni kwamba hajui. Tena mtawa amefanya vibaya kumwacha Budha kule duniani na kuja kusumbuka huku. Arudi akamuulize yeye.

Mimi ninayetaka kuandika riwaya nikifika pale pa kushikwa mkono naona wivu. Hiyo ndiyo kazi! Bosi aliyevuta mtu pembeni kukiri kuwa hajui, nani hajamwona?

Kisa kingine kimo katika hotuba ya kwanza kabisa ya mkusanyiko huohuo. Ulimwengu unasinyaa na kukunjuka tena, mara nyingi bila idadi. Unapokunjuka linatokea kasri tupu huko juu. Kiumbe mmoja, akiba yake ya mema imemwishia mahali pengine, anazaliwa mle peke yake. Anakaa muda mrefu, upweke unamla, anatamani wenzake. Kwa bahati wengine nao akiba zao zinaisha, nao wanazaliwa mle. Yule wa kwanza anajisemea: niliwatamani na wamekuja, basi mimi ndiye niliyewaumba. Na wale waliokuja wanasema: tumemkuta hapa, basi huyu ndiye aliyetuumba. Hakuna aliyedanganya. Wote wamehesabu vibaya.

Je, huo ni ukanamungu? Hata kidogo. Humsengenyi mtu ambaye kwako hayupo. Katika maandiko hayo miungu imejaa tele: Brahma Sahampati ndiye aliyemsihi Budha afundishe wakati mwenyewe alikuwa anasita, na Sakka, mfalme wa miungu, anakuja kuuliza maswali kama mwanafunzi. Alichofanya Budha ni kile kilichofanywa na mashirika yetu ya umma miaka ya 1990. Aliipunguza kazini. Majumba yapo, vyeo vipo, salamu inapewa, lakini kazi ya kuumba, ya kuhukumu na ya kuokoa imeondolewa mikononi mwao. Kuhukumu kunafanywa na matendo yenyewe, kama mbegu inavyozaa bila kuomba kibali. Kujiokoa ni jasho lako.

Hapa ninyi wa fungu la tatu, wa dini zote ni moja, mkae vizuri. Hamwezi kupita. Kuna hotuba ambamo Budha anajibizana na wanaosema kwamba kila linalompata mtu, raha au taabu, limefanywa na bwana muumba. Anawajibu: basi muuaji anaua kwa ajili ya huyo muumba, na mwizi anaiba kwa ajili yake, na nyie mkiliegemea hilo hamtakuwa tena na sababu ya kusema hili lifanywe na hili lisifanywe. Maneno makali hayo. Mkristo wa Masasi anayekiri kila Jumapili kwamba anamwamini Muumba wa mbingu na nchi hawezi kuyachukua akayashonea juu ya imani yake bila kitambaa kuchanika. Mwislamu anayetamka shahada naye hawezi. Wana majibu yao, mazito, ya karne nyingi, juu ya hiari ya mwanadamu, wayatoe. Ila tusifiche kuwa kuna mabishano. Kumwambia mtu "unasema kama mimi tu" wakati hasemi kama wewe ni kumziba mdomo huku unatabasamu.

Na msinitolee kisa cha mshale. Najua mnakipenda. Mtu kachomwa mshale wenye sumu, anakataa usichomolewe mpaka aambiwe aliyempiga ni wa kabila gani, mrefu au mfupi, upinde ulikuwa wa mti gani. Atakufa kabla hajajibiwa. Budha alimwambia hivyo mtawa Malunkyaputta aliyemsumbua na maswali. Kutokana na kisa hicho watu wanasema Budha "alinyamaza" juu ya Mungu. Hebu hesabuni maswali yenyewe. Yako kumi: kama ulimwengu ni wa milele au si wa milele, una kikomo au hauna, roho na mwili ni kitu kimoja au viwili, na manne juu ya aliyefika mwisho wa safari baada ya kufa kwake, kama yupo, hayupo, yote mawili, au hata moja. Muumba hayumo katika orodha. Juu ya Muumba alijibu, nimekwisha kuonyesha.

Zamu yenu wapiga makofi. Mnamtaka Budha awe shahidi wenu. Je, mnamjua Ajita Kesakambali? Aliishi zama zilezile, na huyo ndiye mwenzenu hasa. Alifundisha kwamba mtu ni ardhi, maji, moto na upepo tu, akifa vinarudi vilikotoka, hakuna malipo ya wema wala ya ubaya, hakuna dunia nyingine, na sadaka ni mambo ya wapumbavu. Fundisho la namna hiyo Budha aliliweka katika mafundisho mapotovu kabisa. Kwa hiyo ukimwita Budha mahakamani akutetee, atapanda kizimbani, atasema kweli hakubaliani na muumba, halafu atageuka na kukuuliza wewe: na matunda ya matendo je? Na kuzaliwa tena je? Utafanya nini na shahidi huyo?

Wapo Wabudha wa leo wanaokataa miungu yote na hata kuzaliwa tena. Mwingereza Stephen Batchelor, aliyewahi kuwa mtawa, amejitangaza hivyo katika kitabu chake cha mwaka 2010, na ni haki yake. Lakini mtu aliyenigusa mimi ni B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la wanaoitwa wasioguswa huko India, akasoma mpaka akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya nchi yake. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na umati wa malaki, na akawapa viapo 22. Miongoni mwake ni kutowatambua Brahma, Vishnu na Mahesh kuwa miungu wala kuwaabudu. Mnaona tofauti? Yeye hakuwa anabishana kama falaki ina nafasi ya Mungu. Miungu ile ilikuwa imetumika kumzuia mtoto wa tabaka lake asiguse hata kisima. Alipoikataa alikuwa anadai maji. Sisi wa uwanda wa Makonde, tunaojua ndoo ya maji ina thamani gani kiangazi, tusipolielewa hilo nani atalielewa?

Wakati huohuo, nenda Sri Lanka, nchi ya Wabudha wa siku nyingi, utakuta ndani ya ua wa hekalu kuna kibanda cha Vishnu, yuleyule aliyekataliwa Nagpur, au cha mungu wa Kataragama. Watu wanamsalimu Budha kwanza, kisha wanapita pale kuomba mtoto afaulu mtihani. Thailand nyumba nyingi zina kijumba cha roho wa mahali uani. Waulize kama wanakosea dini, watakushangaa. Mtihani ni jambo la dunia, unaombewa kwa wakubwa wa dunia. Kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa ni jambo jingine, na hilo mungu wa Kataragama mwenyewe bado analitafuta.

Wala haya si ya mbali mno. Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, walifungua hekalu lao Dar es Salaam tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, na hekalu lipo Upanga mpaka sasa. Uganda yupo mtawa Buddharakkhita, Mganda aliyelelewa Katoliki, aliyeanzisha kituo cha Kibudha mwaka 2005. Mama yake mzazi naye akaja kuwa mtawa. Kwa hiyo asiniambie mtu kuwa nazungumzia mambo ya Wachina.

Tena Masasi, kuliko mahali pengine, walipaswa kutufundisha namna ya kuuliza swali hili. Misheni ya UMCA ilifika pale mwaka 1876, ikiongozwa na Askofu Edward Steere, na watu waliookolewa utumwani. Miaka ikapita, Wakristo wakajaa, lakini jando halikufa. Wayao na Wamakua waliendelea kuweka unga chini ya mti wa msolo kuwakumbuka wazee wao kabla ya watoto kupelekwa porini. Wamisheni wengi wangesema chagua moja. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alilikata swali vipande. Katika jando kuna tohara, kuna mafundisho ya utu uzima, kuna kuwaomba wazee. Akauliza kipande kimoja kimoja: hiki kinagongana na Kristo au hakigongani? Likazaliwa jando la Kikristo, lenye padre na sala mahali pa unga. Unaweza kumlaumu, na wapo wanaomlaumu, kwamba aliubomoa msolo kwa mkono laini. Mimi mwenyewe sijui kwa nini unga ulilazimika kuondoka. Lakini namna yake ya kuuliza ilikuwa ya mtu mwenye akili: hakuuliza "jando na Ukristo vinapatana?", aliuliza kipi ndani ya jando na kipi ndani ya Ukristo.

Na Ubudha uulizwe hivyohivyo. Miungu wanaokufa? Wamo, ruksa kuwasalimu. Muumba aliye chanzo cha yote? Hapana nafasi yake. Kusema hakuna kitu zaidi ya udongo na matendo hayana malipo? Hapana nafasi yake pia. Mtu asiye na uhakika, anayekaa kimya asubuhi akitazama pumzi yake na kujizuia kudhuru? Karibu, hakuna atakayemdai kadi mlangoni.

Kwa nini nimepandisha sauti kiasi hiki kwa jambo ambalo hapa Mnyambe halina hata hekalu? Kwa sababu nawajua vijana watatu, wanne, walioacha kuswali au kwenda kanisani na wanaogopa kusema. Kijana wa huku akitamka kwamba hana dini, mjomba wake haulizi juu ya asili ya ulimwengu. Anauliza: utazikwa na nani? Swali zito hilo, si la mzaha. Maiti anataka sanda, anataka dua au misa, anataka watu wa kukesha, na vyote hivyo vinakuja kwa jina la msikiti au kigango. Katika shule moja ya sekondari niliyoijua, fomu ilikuwa na nafasi mbili tu za dini, na aliyeacha wazi aliitwa ofisini akachaguliwa moja. Serikali yenyewe iliacha kuuliza dini katika sensa baada ya ile ya 1967, na Ibara ya 19 ya Katiba inamlinda mtu katika imani yake, lakini fomu ya mwalimu mkuu haina ibara. Basi vijana hao wamegundua kichaka: "Mimi Mbudha." Inasikika kama dini, mjomba ananyamaza, na ndani yake hakuna kitu.

Nawaambia, tokeni kichakani. Kama huamini, sema huamini, kwa jina lako mwenyewe, na mimi nitakuja kukesha msibani kwako hata tukiwa wawili na karabai moja. Usimvike Budha koti lako. Na kama kweli unataka kuwa Mbudha, basi ingia nyumba nzima, pamoja na Brahma na vyeo vyake, Sakka na maswali yake, na lile deni la matendo linalokufuata mpaka maisha mengine. Nyumba hiyo haina chumba cha kujificha mjomba.

Anayebisha aandike, toleo lijalo lina nafasi. Alete hoja, alete maandiko, alete hata msolo ukitaka. Kitambi tu asilete.